Gemu ndefu au gemu fupi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wachezaji wa Unguja na Pemba: mwenye mashine yake ya PS4 chumbani, anayelipia kibandani kwa saa, na anayecheza kwenye simu akisubiri daladala. Tumejibu kwa hali ya hapa, yaani umeme wa Tukuza (wa kulipia kabla), bando la wiki, na mashine moja inayogombaniwa na nyumba nzima. Tukisema "saa 10" humu tunakusudia muda wa kucheza, si saa ya ukutani.

Basi ipi bora?

Kwa watu wengi, gemu ya saa 8 mpaka 20. Hesabu yake nyepesi. Anayepata saa moja na nusu usiku, siku nne kwa wiki, anakusanya saa 6. Gemu ya saa 12 ataimaliza kwa wiki mbili, na bado anakumbuka nani kamsaliti nani na kitufe gani ni cha kukinga. Gemu ya saa 100 itamla karibu wiki 17. Ndani ya wiki hizo patakuwa na mitihani, harusi mbili tatu, pengine na Ramadhani nzima, na kila ukikaa nayo mbali itakubidi ujifunze upya.

Hiyo haina maana kwamba ndefu ni mbaya. Ipo gemu ya saa 60 inayokupa jambo jipya kila ukikaa, na ipo ya saa 6 ambayo nusu yake ni kukimbia kwenye korido zinazofanana. Hakuna anayeusifu utenzi kwa wingi wa beti zake. Tunachotazama sisi ni mambo mawili: gemu inaleta jipya kwa kasi gani, na wewe una muda gani usiokatizwa.

Muda unaoandikwa mtandaoni unasomwaje?

Tovuti inayotumiwa zaidi ni HowLongToBeat. Inakusanya muda ulioripotiwa na wachezaji wenyewe na kuugawa mafungu matatu: stori kuu peke yake, stori pamoja na kazi za pembeni, na kumaliza kila kitu. Tofauti baina ya mafungu ni kubwa. The Witcher 3 (2015) ni takriban saa 50 kwa stori, saa 100 ukichanganya na kazi za pembeni, na zaidi ya 170 kwa anayetaka kila kitu. Mmoja akikwambia gemu hiyo ni ya saa 50 na mwengine akasema ni ya saa mia, wote wawili wakweli.

Ongeza kidogo juu ya takwimu hizo. Wengi wanaoripoti ni watu waliokwishazoea aina hiyo ya gemu. Halafu kuna suala la lugha. Gemu zenye maneno mengi, kama Persona 5 Royal au Baldur's Gate 3, hazina Kiswahili, na anayesoma Kiingereza polepole zitamrefukia kuliko ilivyoandikwa. Gemu ya kupigana au ya kuruka haina shida hiyo. Kabla ya kuanza gemu ya maneno mengi, ingia kwenye mipangilio yake, washa maandishi ya mazungumzo na kuza herufi ikiwa inaruhusu. Persona ina na sehemu ya kurudia mazungumzo yaliyopita. Itumie badala ya kubonyeza tu mpaka mwisho, maana ukikosa sentensi moja pale utatembea mjini nusu saa hujui unatafuta nini.

Takwimu za kampuni yenyewe zichukue kwa tahadhari. Januari 2022 watengenezaji Techland walitangaza kwamba kumaliza kila kitu katika Dying Light 2 kunahitaji saa 500. Walidhani ni sifa. Watu wengi walikasirika, wakasema wana kazi na familia, na kampuni ikalazimika kufafanua kwamba stori kuu ni kama saa 20.

Ipi inahesabiwa fupi na ipi ndefu?

Hakuna sheria, lakini sisi tunagawa hivi. Chini ya saa 5 ni fupi: Journey (2012) kama saa 2, Portal (2007) kama 3, Inside (2016) kama 3 na nusu. Kati ya 5 na 20 ni ya wastani: Spider-Man: Miles Morales (2020) inakwisha kwa saa 8 hivi, The Last of Us kwa 15. Kuanzia 20 mpaka 40 ni ndefu inayobebeka, na humo ndimo iliko GTA: San Andreas (2004), ambayo stori yake ni kama saa 30. Zaidi ya hapo ni mradi: Red Dead Redemption 2 (2018) kama saa 50 kwa stori tu, Elden Ring (2022) kama 60, Persona 5 Royal kama 100.

Nitajuaje kama urefu ni wa kujazia tu?

Hili ndilo swali lenye faida zaidi, kwa hivyo tulichambue.

Dalili ya kwanza ni ukuta wa leveli, yaani daraja la nguvu za mchezaji wako. Misheni ya stori inataka leveli 20, wewe uko 16, na njia ya kupanda ni kwenda kufanya kazi ndogondogo ambazo hazihusiani na chochote. Assassin's Creed Odyssey (2018) ililaumiwa kwa jambo hili, na lawama ziliongezeka kwa sababu duka la ndani ya gemu lilikuwa linauza kwa pesa halisi kitu cha kukupandisha leveli haraka. Ukiona gemu inauza njia ya kuikimbilia mbele, jiulize kwa nini ilifanywa polepole.

Ya pili ni kazi ile ile yenye jina jipya. Mnara wa kupanda, kambi ya kusafisha, sanduku la kufungua. Ukivuka mto, tena mnara, kambi, sanduku. Kipimo tunachopendekeza: kila ukimaliza kikao, jiulize umepewa nini ambacho jana hukuwa nacho. Inaweza kuwa uwezo mpya, adui anayehitaji mbinu nyengine, mahali pasipofanana na pengine, au stori imesogea. Vikao vitatu mfululizo bila hata kimoja, hiyo imeanza kujazia, na aghlabu haitobadilika.

Ya tatu ni mwisho unaovutwa. Mfano mzuri ni Middle-earth: Shadow of War (2017). Baada ya stori kukwisha, palikuwa na hatua ya kulinda ngome mara nyingi ndipo uone mwisho wa kweli, na sokoni mkauzwa masanduku ya kukusaidia. Watu walilalamika, na katikati ya 2018 kampuni ililiondoa soko na kuifupisha ile hatua. Hakuna aliyelia kwamba gemu imepunguzwa.

Usichanganye kujazia na upole. Red Dead Redemption 2 inaanza kwenye theluji kwa saa mbili na zaidi, farasi wanazama mpaka magotini, na wengi wanaizima hapo hapo. Lakini sura ile inakufundisha kupanda, kuwinda na kumjua kila mtu wa kambi, na mambo hayo yanatumika mpaka mwisho. Ni polepole kwa makusudi. Kama huipendi ni haki yako, ila usiseme imejazwa.

Gemu fupi si hasara ya pesa?

Watu hugawa bei kwa saa. Gemu ya dola 60 yenye saa 60 ni dola moja kwa saa, ya saa 6 ni dola kumi, basi ya pili ni wizi. Hesabu hiyo inasahau kwamba saa 40 za kukusanya majani njiani nazo zimehesabiwa.

Hata hivyo malalamiko mengine ni ya haki. The Order: 1886 (2015) iliuzwa bei kamili, ikakwisha kwa takriban saa 7, na haikuwa na cha kurudia: hakuna kucheza wawili wala hakuna kuanza upya ukiwa na silaha ulizokusanya. Linganisha na Resident Evil 2 ya 2019. Nayo haina saa nyingi, kama 9, lakini unaimaliza na Leon, kisha na Claire, na mara ya pili njia na vitu vinabadilika. Kwa hivyo ukinunua fupi uliza swali moja tu: nikishamaliza, kuna cha kurudia?

Kama mashine yako inatumia CD, fupi ina faida nyengine ambayo wanaonunua kwa kushusha hawanayo. Ukiimaliza ndani ya wiki mbili, CD bado ina bei na unaweza kuibadilisha dukani au na mwenzako. Ile ya saa 100 utakapoimaliza bei imeshaporomoka. PS5 isiyo na mlango wa CD haikupi nafasi hiyo. Gemu ni yako mpaka kiyama.

Wanaonunua Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, wanajua kwamba pesa zinarudishwa ukiomba ndani ya siku 14 na hujacheza kufikia saa mbili. Sheria hiyo ni nzuri kwa mnunuzi, lakini gemu inayokwisha kwa saa moja na nusu mtu anaweza kuimaliza na kuirudisha. Mwaka 2021 mtengenezaji wa Summer of '58 alitangaza kuacha kazi ya kutengeneza gemu kwa sababu hiyo: watu waliimaliza, wakaisifu, wakadai pesa zao. Inaruhusiwa. Sisi hatupendekezi.

Gemu ndefu inakula umeme kiasi gani?

Kidogo kuliko wanavyodhani wazee. PS4 Slim ikicheza inatumia takriban wati 90, na TV ya LED ya inchi 32 kama wati 50. Jumla 140. Gawa kwa 1,000 uzidishe kwa saa:

– gemu ya saa 10: yuniti 1.4
– gemu ya saa 50: yuniti 7
– gemu ya saa 100: yuniti 14

PS5 ni nzito zaidi. Chukua wati 200, na TV inakuwa 250, kwa hivyo saa 50 ni yuniti 12.5. PS2 nyembamba ni chini ya wati 50. Zidisha kwa bei ya yuniti inayoonekana kwenye risiti yako ya Tukuza upate shilingi. Ukiwa unaishi na wazee, nunua yuniti hizo wewe mwenyewe mwanzo wa gemu. Ugomvi mwingi unakwishia hapo.

Umeme ukikatika katikati ya gemu ndefu?

Unguja inaletewa umeme na nyaya za chini ya bahari kutoka bara, na Pemba tangu 2010 ina waya wake kutoka Tanga. Unapokatika, unakatika bila taarifa. Katika gemu ya saa 3 umepoteza nusu saa. Katika gemu ya saa 80, faili likiharibika umepoteza miezi miwili, na hapo ndipo watu wanapoacha gemu moja kwa moja. Fanya hivi:

1. Usiitegemee hali ya kulala ya PS4. Gemu inabaki kwenye kumbukumbu inayohitaji umeme. Ukikatika usiku, asubuhi huna kitu. Seva (hifadhi ulipofikia) mwenyewe, funga gemu, zima mashine kabisa.

2. Weka faili tatu za kuseva na uzitumie kwa zamu. Gemu inayoseva yenyewe mara nyingi inaandika juu ya faili lile lile, na umeme ukikatika wakati alama ya kuseva inazunguka pembeni, faili hilo ndilo linaloharibika. Ukiwa na la jana, umepoteza jana tu.

3. Mara moja kwa wiki nakili kwenye flashi. Kwenye PS4 ingia mipangilio, tafuta sehemu ya kusimamia data za kuseva, chagua data zilizomo kwenye mashine, kisha kunakili kwenye USB. Flashi iwe na muundo wa FAT32 au exFAT, na ya GB 8 inatosha kwa gemu nyingi. Gemu za PS5 hazikubali kunakiliwa kwenye flashi. Data zake zinapanda mtandaoni kwa wanaolipia PS Plus. Gemu za PS4 zinazochezwa kwenye PS5 zinakubali flashi.

4. Umeme ukikatika chomoa plagi. Unaporudi unaweza kuja na mshindo, ukazimika tena, ukarudi. Subiri dakika tano mpaka taa za nyumba zitulie ndipo uchomeke.

5. PS4 itasema haikuzimwa vizuri na itakagua diski. Iache imalize. Anayeizima hapo kwa papara anaongeza tatizo.

UPS (betri ya akiba) ndogo ya 650VA haitokuchezesha usiku mzima, lakini inakupa dakika za kuseva na kuzima, na hicho ndicho unachokitaka. TV na mashine vyote viwe kwenye UPS, maana mashine ikiwaka na TV imezimika huoni unachoseva.

Kwenye PS2 seva zote zimo kwenye memori kadi ya MB 8. Usiichomoe wakati inaandika. San Andreas haisevi yenyewe: ni mpaka ufike nyumbani kwako ndani ya gemu. Kwa hivyo kila baada ya misheni mbili rudi nyumbani, hata kama safari inachosha.

Gemu ndefu inahitaji bando kubwa zaidi?

La. Urefu na ukubwa wa faili ni vitu viwili mbalimbali. Stardew Valley ni kama MB 500 na inakupa saa 50 na zaidi. Limbo ni ndogo zaidi kuliko hiyo. Call of Duty: Modern Warfare (2019), kwa masasisho yake, kwenye kompyuta ilipita GB 175, na stori yake ni kama saa 6. GB zinaliwa na picha, sauti na sinema, si na saa za kucheza.

Kwa mwenye bando la kuhesabu, ushauri wetu ni gemu ndogo za watengenezaji wachache: Celeste, Hollow Knight, Undertale. Kwa CD kubwa hakikisha nafasi. PS4 ya GB 500 inakuachia kama 400 za kutumia, na Red Dead Redemption 2, inayokuja na CD mbili, inachukua karibu robo ya hizo. Na ukishachomeka CD, kuna sasisho la kushusha. Nyingi zinakuruhusu kucheza bila ya sasisho ukiwa huna mtandao, lakini makosa ya siku ya kwanza utakuwa nayo.

Nachezea kibandani kwa kulipa. Nichague ipi?

Mechi, au gemu fupi za duru. Tuseme saa moja ni shilingi 1,000: gemu ya saa 50 itakugharimu 50,000, na mwisho hata CD huna. Zaidi ya hapo kuna suala la faili. Vibanda vingi vina jina moja la mtumiaji kwa wateja wote. Mtoto anayekuja baada yako akibonyeza kuanza upya, anaseva juu ya kazi yako. Kama huna budi, muombe mwenye kibanda akufungulie jina lako la mtumiaji. PS4 inakubali mpaka 16. Usitarajie kuhamisha faili hilo baadaye kwenye mashine yako: data za kuseva za PS4 zimefungwa na akaunti, na bila akaunti ile ile hazitofunguka.

Kibanda cha PS2 ni rahisi zaidi. Nunua memori kadi yako, nenda nayo, rudi nayo.

Nyumbani tuko ndugu watatu na mashine moja.

Kila mmoja awe na jina lake la mtumiaji, kila mmoja na faili zake, na asicheze mtu kwenye jina la mwenziwe hata kwa dakika mbili. Kisha kubalianeni: isiwe zaidi ya gemu moja ndefu nyumbani kwa wakati mmoja. Wawili wakiwa kwenye gemu za saa 60, hakuna atakayepata vikao vya kutosha, na wote wataziacha njiani. Mmoja achukue ndefu, wengine fupi au mpira. Vikao gawaneni kwa saa nzima, si dakika 20. Gemu ya stori haifiki popote kwa dakika 20.

Na mpira, je? FIFA na eFootball ni ndefu au fupi?

Mechi ni fupi, gemu haina mwisho. Kwa vipindi vya dakika 6, mechi ni dakika 12 za mpira, ukiongeza kurudia mabao na kubadilisha wachezaji inafika robo saa. Ndiyo maana inatawala vibandani na maskani: anayefungwa ananyanyuka, foleni inasogea.

Lakini ingia kwenye hali ya kocha uone. Msimu wa ligi ya Uingereza ni mechi 38. Kwa dakika 12 kila moja ni dakika 456, yaani zaidi ya saa 7 na nusu, bila ya vikombe. FIFA inakuruhusu misimu 15: kama saa 114, gemu ndefu kuliko Persona. Ukitaka kuipunguza, weka vipindi vya dakika 4 (msimu unakuwa saa 5) na mechi ndogo ziache mashine izicheze.

Free Fire ni watu 50 na kama dakika 10 kwa duru. PUBG Mobile ya watu 100 kwenye ramani kubwa inakaribia nusu saa. Zingatia hilo kabla ya kuanza duru huku unasubiri kuitwa. Gemu hizi hazina pa kumalizia, zina misimu na kazi za kila siku zinazokuita urudi. Jiwekee idadi ya duru, si muda, kwa sababu muda unakwisha katikati ya duru na hakuna anayetoka katikati.

Mbona gemu za zamani zilikuwa fupi lakini zilituchukua mwaka?

Kwa sababu ya ugumu. Contra, ukiwa unaijua, inakwisha kwa nusu saa. Lakini unaanza na maisha matatu, risasi moja inakuua, na ukimaliza maisha na nafasi zako unarudi mwanzo. Ndiyo maana watu walihifadhi moyoni ile juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, ya maisha 30. Kaseti ilikuwa na nafasi ndogo mno ya kuweka ramani nyingi, na mtindo ulitoka kwenye mashine za kutia sarafu, ambako ukifa haraka ndiko kunakomlipa mwenye mashine. Huo nao ni urefu wa kujazia, ila umejazwa kwa jasho lako.

Nimekwama katikati. Niache?

Kwanza tafuta sababu. Kama umekwama kwenye hatua moja, hiyo si kazi ya urefu. San Andreas ina skuli ya urubani ambayo ni lazima: unanunua uwanja wa ndege wa jangwani kwa dola 80,000 za gemu, kisha unafaulu masomo yote ndipo stori iendelee. Wengi wameishia hapo wakidhani gemu ni ndefu mno. Tatizo lao lilikuwa vidole: ndege inataka kuguswa kidogo kidogo, wao wanaibana pedi mpaka mwisho na ndege inapinduka. Punguza, tumia na vitufe vya kugeuza mkia, utapita.

Kama hukukwama ila umechoka, fungua orodha ya vikombe (tuzo za hatua ulizofikia) kwenye PS4 au Steam. Kila kikombe kinaonyesha asilimia ya wachezaji waliokipata. Tafuta cha mwisho wa stori na cha karibu na ulipofika. Asilimia ikianguka ghafla baina ya viwili hivyo, si wewe peke yako, wengi wanaiacha sehemu ile ile, na aghlabu hapo ndipo kujazia kulipoanza. Ama acha kazi za pembeni zote uende na stori tupu, au punguza ugumu uwe mwepesi kabisa. Haina aibu. Ukiona hata hivyo hutamani kuiwasha, iache.

Niliiacha miezi mitatu. Nirudi vipi bila kuanza upya?

Seva ya zamani usiiguse. Tengeneza mpya pembeni. Soma daftari la misheni ndani ya gemu, angalau misheni tatu za mwisho. Kisha usiende kwenye stori: nenda mahali pepesi, pigana na maadui dhaifu dhaifu kwa dakika 20 mpaka vidole vikumbuke. Baada ya hapo tazama muhtasari wa stori YouTube mpaka ulipofikia tu, na uusimamishe kabla haujakupita. Gemu za kupigana kama Elden Ring zinarudi kwa vidole. Za maneno kama Persona zinahitaji muhtasari, la sivyo huelewi nani anamlilia nani.

Ramadhani wachezaji wengi wanapata muda usiku. Ndiyo wakati wa gemu ndefu?

Inaonekana hivyo, kwa sababu baina ya tarawehe na daku kuna saa nyingi. Lakini vikao hivyo vinavunjika: wageni, kuitwa barzani, usingizi. Na baada ya Sikukuu ratiba inarudi ya kawaida, gemu ikiwa nusu. Tunapendekeza gemu mbili za saa 10 badala ya moja ya 60. Anayetaka ndefu aianze siku za mwanzo za mwezi na aifuate stori tu.

Nasafiri kwa boti. Ipi inakwisha njiani?

Boti ya kasi kutoka Malindi mpaka Dar es Salaam ni takriban saa mbili. Kwenye simu, Florence (2018) inakwisha kwa chini ya saa moja na karibu haina maneno. Monument Valley (2014) ni saa moja na nusu hivi. Mwenye Switch (mashine ya mkononi) au laptopu ajaribu A Short Hike (2019), nayo ni saa moja na nusu. Kwenda Pemba ni safari ndefu zaidi, kwa hivyo Limbo, saa 3 mpaka 4, inafaa na ipo kwenye simu.

Gemu ishushe nyumbani na uifungue mara moja ukiwa bado na mtandao, kwa sababu nyengine zinataka kuthibitisha ununuzi mara ya kwanza na baharini utakwama. Punguza mwanga wa skrini, zima data, chaji mpaka 100. Kusi ikivuma na boti ikiyumba, gemu za kuzunguka kamera zinatapisha haraka. Limbo, inayokwenda upande mmoja tu, inavumilika. Na hata hiyo, ukianza kuona kichefuchefu, weka simu mfukoni utazame mbali.